UZI: Jina lako unamficha nani?

Juzi nikiweka uzi kuhusu deni la taifa, msomaji mmoja alinijibu hivi: weka sura yako na jina la kitambulisho kwanza, ndio tujue kama unajua unachosema. Jibu lake lilipendwa kuliko uzi wenyewe. Sikukasirika sana. Deni halipungui wala kuongezeka kwa sababu mimi naitwa nani, lakini swali lake lina historia ndefu hapa kwetu, na kila msimu wa siasa linarudi likiwa limevaa nguo mpya. Kwa hivyo leo tuliangalie. Ni ndefu, tafuta chai. Na kama kawaida hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Mkianza kutaja kwa majibu, hiyo ni yenu.

Mjadala wenyewe mnaujua. Kiongozi fulani anatukanwa mtandaoni, anasimama kwa mazishi ama kanisani, anasema akaunti zisizo na majina zifungwe, kila mtu ajisajili kwa kitambulisho. Upande wa pili unajibu kwamba huo ni udikteta, kuficha jina ni haki. Halafu tunagawanyika, tunatukanana siku mbili, tunasahau. Shida yangu na pande zote mbili ni kwamba wanaongea kana kwamba kujificha ni kitu kimoja. Sio kitu kimoja. Kabla ya kusema ni kuzuri ama ni kubaya, mimi huuliza: huyu mtu jina lake anamficha nani, na nani tayari analijua?

Shikilia hilo swali, tutalihitaji mpaka mwisho.

Wazazi wetu hawakuwa na intaneti, lakini akaunti bila jina walikuwa nazo. Ilikuwa ni karatasi. Mei 1982, mwezi mmoja kabla Bunge kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria, gazeti dogo la siri lililoitwa Pambana lilianza kupita kutoka mkono hadi mkono. Lilisema mambo ambayo magazeti ya kawaida hayangeweza kuchapisha hata kwa kunong'ona: ardhi imeenda wapi, pesa zimeenda wapi, kwa nini watu wanawekwa kizuizini bila kesi. Ulilisoma haraka, ukampa mwingine ama ukalichoma. Kukaa nalo nyumbani ilikuwa ni kukaa na kifungo. Mwaka huo huo mhadhiri mmoja wa historia alihukumiwa miaka 6 jela kwa kosa la kupatikana na karatasi ya uchochezi. Sijasema bunduki. Karatasi.

Halafu ikaja 1986. Msako wa watu waliodhaniwa kuandika, kusambaza ama kusoma makaratasi ya siri ulibeba walimu, wanafunzi, wakulima, wafanyabiashara, watu wa kila aina. Wengi walipelekwa Nyayo House, lile jumba refu la katikati ya Nairobi ambalo leo watu hupanga foleni wakitafuta pasipoti. Chini yake kulikuwa na selo ambazo zilijazwa maji mtu akiwa ndani. Ukitoka hapo unapelekwa kortini jioni watu wakishaenda nyumbani, huna wakili, unakubali kosa, unafungwa. Kuna walioshtakiwa kwa kuwa na karatasi, na kuna walioshtakiwa kwa kujua iko wapi na kukosa kuripoti. Mwaka 2010, miaka zaidi ya 20 baadaye, Mahakama Kuu iliamua kwamba kundi la waliopitia Nyayo House waliteswa kweli na wanastahili fidia.

Sasa tumia lile swali. Aliyeandika Pambana alikuwa anamficha nani jina lake? Serikali. Nani mwingine? Hakuna, manake hakuwa na ugomvi na jirani. Hata nyinyi mnaosema kuficha jina ni uwoga, sidhani mtamwangalia mtu wa 1986 machoni mumwambie hivyo. Sheria yenyewe ya uchochezi ilifutwa 1997, yaani taifa lilikubali kwamba lile kosa halikufaa kuwa kosa.

Lakini kuna upande ambao huwa hatuusimulii. Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakificha majina: watoa habari. Yule aliyekaa nyuma ya darasa akiandika nani amesema nini. Yule wa baa. Yule jirani ambaye alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na wewe, akaenda kunong'ona mahali kwamba una makaratasi. Jina lake halikutajwa kortini, hukuweza kumuuliza swali, na mpaka leo kuna familia ambazo hazijui ni nani aliwauza. Kwa hivyo tangu zamani kujificha kulikuwa kwa aina mbili. Kuna kujificha kwa mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, na kuna kujificha kwa mtu ambaye mwenye nguvu anamjua vizuri sana na anamlinda, lakini wewe unayeumizwa humjui. Hiyo ya pili ndiyo inaniogopesha, na ndiyo imekua sana.

Turuke mpaka mwisho wa 2007. Nilikuwa mtoto, nakumbuka tu redio ikizimwa na mamangu akifunga mlango na meza. Lakini kwa mtu anayesoma historia ya mtandao, hizo wiki za Desemba 2007 na Januari 2008 ndizo darasa kubwa kuliko yote, manake ndani yake kujificha kulifanya wema na uovu kwa pamoja, wakati mwingine kupitia kwa mikono ile ile.

Uovu kwanza. Laini za simu wakati huo zilinunuliwa kama peremende, hakuna kitambulisho, hakuna fomu. SMS zilianza kusambaa zikisema jamii fulani inajiandaa kushambulia nyingine, tokeni muwahi kabla hamjawahiwa. Hazikuwa na jina chini. Unazipokea kutoka kwa namba usiyoijua ama kwa binamu ambaye pia alitumiwa, unazipeleka mbele. Serikali ilifikiria kuzima SMS nchi nzima. Mkuu wa Safaricom wakati huo, Michael Joseph, aliwashawishi wasizime, badala yake wateja wakatumiwa ujumbe wa kuomba amani. Baadaye ikatengenezwa orodha ya watu takriban 1,700 waliodaiwa kusambaza SMS za chuki, lakini sheria ya kuwashtaki vizuri haikuwepo. Tume iliyochunguza ghasia zile ilihesabu vifo 1,133.

Kulikuwa pia na Mashada, uwanja wa mtandaoni ambapo Wakenya, hasa walio ng'ambo, walikuwa wakijadiliana kwa majina ya kubuni. Nasikia kwa waliokuwepo kwamba ilikuwa na raha yake. Baada ya uchaguzi ikawa matusi ya kikabila kutoka asubuhi hadi usiku, wasimamizi wakashindwa kufuta. Januari 2008 mwenyewe, David Kobia, programa Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, aliamua kuifunga. Watu walikuwa salama Alabama na London, nyuma ya majina ya utani, wakichochea moto unaochoma nyumba Eldoret na Naivasha. Nikisoma kuhusu hiyo naona kabisa kwa nini mtu angesema majina yote yatoke wazi.

Lakini sasa sikiza. Mwezi huo huo, matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yakiwa yamepigwa marufuku tangu 30 Desemba, wakili na mwanablogu Ory Okolloh aliuliza kwa blogu yake kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya matukio, ili mtu yeyote aliyeona kitu akieleze, na kisipotee. Wakajitokeza wachache. Ikatengenezwa ndani ya siku chache, ikaitwa Ushahidi. Ungeweza kutuma SMS ama kuandika kwa tovuti kwamba mahali fulani nyumba zimechomwa, polisi wamepiga watu risasi, barabara imefungwa, na haukulazimika kusema wewe ni nani. Fikiria mama aliyeona jirani zake wakiuawa na watu anaowajua kwa sura, ambao kesho atakutana nao sokoni. Angesema kwa jina lake? Asingesema. Bila ruhusa ya kuficha jina, ile ramani ingekuwa tupu.

Na mmoja wa mafundi wakuu walioandika programu ya Ushahidi ni nani? David Kobia, yule yule wa Mashada. Ndani ya wiki chache mtu mmoja alijenga mlango wa watu wasio na majina na akafunga mwingine. Sidhani alijichanganya. Nadhani alikuwa anaangalia kitu ambacho sisi kwa mijadala yetu hatukiangalii. Kwa Ushahidi kulikuwa na watu wakikagua taarifa kabla ya kuiamini, na msemaji alifichwa asionwe na mwenye panga. Kwa Mashada ya Januari, mwenye kuhimiza panga ndiye alifichwa.

Mwaka huo huo wa 2008 tume ya haki za binadamu ya serikali ilitoa ripoti kuhusu vijana waliokuwa wakiuawa na kupotea wakati wa msako dhidi ya genge. Ripoti hiyo WikiLeaks iliiweka wazi kwa dunia, na Amnesty International ikaipa tuzo kazi hiyo mwaka 2009. Nyuma yake kulikuwa na mashahidi. Mmoja alikuwa afisa wa polisi aliyeeleza mauaji kutoka ndani. Alipigwa risasi Oktoba 2008 hapa Nairobi. Na Machi 2009 wanaharakati wawili waliokuwa wamezungumzia mambo hayo hayo kwa majina yao kamili, wakiwa wamekutana hata na mjumbe wa Umoja wa Mataifa, waliuawa wakiwa ndani ya gari karibu na hosteli za wanafunzi, State House Road. Mimi napita hapo karibu kila wiki. Hakuna bango. Mkiniambia niweke jina ndio niaminike, mimi huwa nafikiria ile barabara.

Sasa tufike kwa laini, manake hapa ndipo historia inageuka na watu wengi hawajagundua.

Juni 2010 Kenya ilianza kusajili laini za simu kwa kitambulisho, na mwisho wa 2012 laini ambazo hazijasajiliwa zikazimwa. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo: SMS za chuki, watu wanaotekwa na familia kudaiwa pesa kwa simu, wizi wa pesa za simu. Kanuni zikaongezwa tena, na mwaka 2022 sote tulipanga foleni upya kwa mawakala, tukapigwa picha, tukaambiwa tusipofanya hivyo laini zitazimwa. Tangu hapo, kwa mtu mwenye uwezo wa kuuliza kampuni ya simu, karibu hakuna Mkenya asiyejulikana. Akaunti yako inaweza kuitwa Mjukuu wa Simba na ikawa na picha ya paka. Lakini uliifungua kwa namba ya simu. Namba ina kitambulisho. Kitambulisho kina kijiji, na kijiji kina chifu.

Kwa hivyo pazia letu la mtandaoni liko kwa upande mmoja tu. Serikali na kampuni wakitaka wanaona. Jirani yako, mwanafunzi mwenzako, mtu uliyemtukana ama mtu anayekutukana, hao ndio hawaoni. Geuza hiyo picha uilinganishe na 1986. Wakati ule karatasi ilimficha mwandishi kwa serikali, na majirani aghalabu walikuwa wanajua nani anaandika. Leo ni kinyume kabisa, na bado tunabishana kwa maneno ya 1986.

Mnataka ushahidi? Angalieni nani ameumia na nani hajaumia.

2017, kabla ya uchaguzi, kulizunguka video ya kutisha ikionyesha Kenya itakavyoharibika fulani akishinda: njaa, vita, watu wakikimbia. Haikuwa na jina la aliyeitengeneza wala aliyeilipia. Shirika la Privacy International lilifuatilia na mwishoni mwa mwaka likasema kazi hiyo ilifanywa na Harris Media, kampuni ya matangazo ya Texas, Marekani. Texas! Wengi walioitazama walidhani ni kijana fulani na laptopu yake. Mtu alilipa, na yule aliyelipa alifichwa asionwe na mpiga kura, ambaye ndiye mtu pekee aliyehitaji kujua.

2021, wakati korti zilikuwa zikisikiza kesi ya mpango wa kurekebisha katiba, majaji waliotoa uamuzi dhidi yake walianza kushambuliwa mtandaoni kwa hashtegi zilizochipuka kila asubuhi kama uyoga. Wachunguzi wawili Wakenya wa Mozilla waliandika ripoti kuhusu biashara hiyo. Walipata kampeni 11 ndani ya miezi miwili, akaunti zaidi ya 3,700, na watu wanaolipwa kati ya dola 10 na 15. Maagizo yanakuja kwa kundi la WhatsApp, yanaeleza useme nini na saa ngapi, halafu pesa zinaingia kwa simu. Na nyinyi hapa najua wengine mmewahi kuifanya, sitawahukumu, kodi ya chumba haingoji. Lakini hebu ona muundo wake. Kijana mwenye akaunti feki anajulikana na anayemlipa. Anayemlipa anajulikana na aliyemtuma. Kila mtu kwa hiyo ngazi anamjua wa juu yake ama wa chini yake. Jaji anayetukanwa na msomaji anayedanganywa ndio hawajui chochote. Ni yule mtoa habari wa baa amerudi, safari hii ana bando.

Mara ngapi mmesikia mwanasiasa akidai hao wa hashtegi za kulipwa watajwe majina? Mimi huwa nasikia wakidai wale wa katuni watajwe.

Tukija Juni 2024, sihitaji kuwasimulia, mlikuwa huko. Mswada wa Fedha, barabara, ile 25 Juni, halafu mswada ukaondolewa. Akaunti bila majina zilifanya kazi kubwa: kutafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, kuchangisha pesa za hospitali, kuelekeza watu mahali mawakili walipo. Pia baadhi ziliweka hadharani namba za simu za wabunge na za familia zao, na hapo nitasema ukweli wangu, namba ya mbunge ni kazi yake, lakini mtoto wake wa shule alikuwa amepigia kura mswada gani?

Halafu watu wakaanza kupotea. Kufikia mwisho wa Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu Juni, na watu 29 walikuwa hawajulikani walipo. Miongoni mwa waliochukuliwa wiki ya Krismasi ni vijana waliokuwa wakiposti picha na katuni za kukejeli mamlaka, mmoja anajulikana kwa michoro ya vivuli. Kadhaa waliachiliwa Januari. Na Juni 2025 mwalimu mmoja kijana alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akapelekwa Nairobi, kilomita zaidi ya 300, na usiku huo huo akafia kwa selo ya Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na kunyongwa shingo, ambayo mtu hawezi kujifanyia.

Kutoka posti hadi mlango wa nyumba yao ilikuwa ni siku chache. Hapo hakuna aliyesema kwamba teknolojia ni ngumu ama akaunti haijulikani ni ya nani.

Sasa nitawaambia kuhusu mtu mwingine. Mwaka wangu wa pili chuoni kulikuwa na akaunti ya udaku, mnajua zile, kila chuo kinayo. Ilimwekea msichana tuliyesoma naye picha zake za faragha, zingine za kweli na zingine zimeunganishwa, pamoja na jina la hosteli yake. Alienda kituo cha polisi mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa alete picha zilizochapishwa, yaani aende kwa saiba amwambie mtu amchapishie. Mara ya pili afisa alimuuliza kwa nini alijipiga. Mara ya tatu aliambiwa akaunti ni ya mtu asiyejulikana, hivyo hakuna wa kukamata. Asiyejulikana! Laini ile ile, sajili ile ile, nchi ile ile. Akaunti ilikuwa hewani muhula mzima. Yeye ndiye aliyeondoka, akakaa nyumbani, na aliporudi tulikuwa tumemtangulia mwaka.

Ukisoma Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 jinsi ilivyopitishwa utaona pa kuanzia. Kuchapisha habari za uongo za kuleta taharuki: faini hadi shilingi milioni 5 ama jela hadi miaka 10. Kusambaza picha za utupu za mtu: faini hadi shilingi 200,000 ama jela hadi miaka 2. Mtaniambia kifungu cha 27 cha kunyanyasa mtu mtandaoni kina faini hadi milioni 20, na ni kweli, mko sawa. Lakini kifungu hicho kimeandikwa kwa upana ambao aliyeudhika yeyote anaweza kukikimbilia, na wenye uwezo wa kukikimbilia ni wenye mawakili. Yule msichana hakuwa na wakili. Alikuwa na nauli ya kwenda kituoni mara tatu.

Wapo watakaosema dawa ni moja: kila mtu, jina halisi, basi. Hiyo imejaribiwa, na nchi iliyojaribu si ya mchezo kwa mambo ya intaneti. Korea Kusini, Julai 2007, ilianza kulazimisha tovuti zenye wageni zaidi ya 300,000 kwa siku kuthibitisha mtu kwa namba yake ya usajili wa raia kabla hajaandika maoni. Mwaka 2009 wakashusha hadi 100,000. Hawakuwa na nia mbaya tu. Walikuwa wameona watu wakiandamwa mtandaoni vibaya sana. Mwaka 2005 mwanamke ambaye mbwa wake alichafua treni ya Seoul alipigwa picha, akatafutwa na umati mpaka maisha yake yakavurugika, na miaka iliyofuata wasanii kadhaa walijiua baada ya kusakamwa na maoni ya watu.

Ikawaje? Matusi hayakupungua kiasi cha maana. Watu walitukana kwa majina yao, ama wakahamia tovuti za nje. YouTube ilikataa kukusanya hizo namba, ikazima uwezo wa kupakia video na kuandika maoni kwa watumiaji waliojiandikisha kama wa Korea. Na zile tovuti zilizotii zilijikuta na ghala la namba za raia. Julai 2011 wadukuzi waliingia Nate na Cyworld wakaondoka na taarifa za watu takriban milioni 35, katika nchi ya watu milioni 50 hivi. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo kwa kauli moja. Kwa hivyo mtu akiniambia tupeleke vitambulisho vyetu kwa kila programu, mimi huuliza vitalindwa na nani. Hii ni nchi ambayo mlinzi wa geti anaandika namba yako ya kitambulisho kwa daftari lililo wazi, na anayekuja nyuma yako anaisoma.

Majirani zetu wamepita njia yao. Tanzania, Desemba 2016, mwanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama waliokuwa wakifichua mambo humo. Kesi ilienda miaka, na Aprili 2020 korti ya Kisutu ikamtia hatiani, faini shilingi milioni 3 za huko ama mwaka mmoja jela. Ninachotaka mkione ni kwamba ulinzi wa wale watu haukuwa kwa programu wala kwa jina la utani. Ulikuwa kwa mtu mmoja aliyekubali kuburutwa kortini. Kwetu, miswada ya kulinda wafichuzi imekuwa ikiingia na kutoka Bungeni miaka nenda miaka rudi, na karani anayeona tenda ikiibwa bado anategemea bahati na rafiki mwenye mdomo mzito.

Kwa hivyo msimamo wangu, mnaweza kuupinga: tusiguse haki ya kuandika bila jina. Tuguse mambo mawili. Anayelipia siasa mtandaoni atajwe, kiasi na jina, kama bango la barabarani. Na jina likihitajika kweli kwa sababu mtu ameumizwa, lifunuliwe kwa amri ya jaji, kwa kesi iliyo na namba, na amri hiyo ipatikane kwa mwanafunzi wa hosteli kwa urahisi ule ule inavyopatikana kwa mkubwa. Katiba tayari imeweka msingi: kifungu cha 31 kinalinda faragha, cha 33 kinalinda kusema, na hicho cha 33 kinasema wazi hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Najua jaji anaweza kuwa wa mtu. Najua pia polisi huwa hawangoji amri. Kama una wazo bora liweke hapa chini, nitalisoma.

Na kwa yule ndugu aliyeniambia niweke jina la kitambulisho. Laini ninayotumia kwa akaunti hii niliipata nikiwa kidato cha pili, sikuwa na kitambulisho, kwa hivyo imesajiliwa kwa cha mamangu. Wakija, watagonga kwake. Baada ya yale ya Juni mwaka jana alinipigia, akaniuliza kuhusu fees, kuhusu chakula, halafu akauliza kama ile laini bado iko kwa jina lake. Nikamwambia iko, nitaenda kubadilisha wiki hii. Akasema hapana, iache tu hivyo hivyo, wakija afadhali wanikute mimi.

Sijaenda kubadilisha. Sijui nimemtii ama nimejificha nyuma yake.